Ijumaa ya Profesa Mgeni

Kwa mara ya tano mwanafunzi wa uzamivu alipitisha kidole kwenye daftari la zamu, na kwa mara ya tano kidole kiligota palepale: Ijumaa, siku nzima, Profesa Mgeni.

Maabara ya jenetiki ilitumiwa na vitivo vinne, lakini mashine ya kusoma DNA ilikuwa moja tu. Jumatatu tasnifu yake ilitakiwa mezani kwa watahini. Sampuli kumi na mbili za mihogo zilikuwa bado hazijasomwa, na bila hizo mwaka mzima ungekwenda na maji.

Hakuwahi kumtia machoni huyo profesa. Ndivyo walivyo wakubwa, alijiambia, wanashika nafasi halafu hawatokei. Akajipa moyo, akabeba kisanduku chake cha barafu, akamwendea mtunza maabara, mzee wa miwani aliyetembea na funguo zote kiunoni.

"Shikamoo, mzee. Profesa Mgeni amenituma. Leo ameniachia zamu yake."

Mzee alivua miwani. "Marahaba. Amekutuma yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Asubuhi hii, ofisini kwake."

"Hajambo lakini?"

Uongo ulikuwa umeshamnogea. "Hajambo, ila mguu unamsumbua. Ngazi hizi haziwezi."

"Maskini! Na zile ndevu bado anazo?"

"Amezipunguza kidogo."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akachomoa ufunguo. Mwanafunzi nusura amkumbatie.

Nusu saa baadaye sampuli zote zilikuwa ndani, mashine inavuma, roho yake imetulia kwatu. Aliona haya kumdanganya mzee mwema namna ile. Haya kidogo tu, si za kumfanya azime mashine.

Mzee akaingia na daftari kwapani. Akalifungua kwenye ukurasa wa Ijumaa ijayo, akaandika jina lilelile, kwa mwandiko uleule wa kurasa zote. Kisha akasita, kalamu mkononi.

"Mwaka wa sita huu tangu nimbuni, ili mashine ipate siku ya kupumzika," alisema, "na muda wote huo sikujua kama ana mguu mbovu. Hebu nisaidie, binti yangu: ni wa kulia au wa kushoto?"