Joto la Kifua

Asubuhi nesi alikuja kuchukua kisanduku cha joto ili ampe mtoto mwingine, na baba hakugomba. Alifungua vifungo vya shati, akampokea mwanawe aliyevaa nepi na kofia tu, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, kisha akajifunika blanketi mpaka shingoni.

Aliyegomba ni mama mkwe, aliyefika baadaye na chupa ya chai.

"Hospitali gani hii? Kichanga ananyang'anywa kitanda chake mchana kweupe!"

"Yule mwingine anakihitaji zaidi, mama. Huyu atakaa kwangu."

"Kwani wewe mashine?"

"Leo ndiyo."

Kiwandani walimwita Blanketi. Kazi yake katika kiwanda cha maziwa ilikuwa kuyavisha mabomba ya mvuke ili joto lisipotee njiani, na wenzake walimtania kwamba hata mkewe anamfunga kwa bati na waya. Alicheka nao. Lakini kazi ilikuwa imemwingia mwilini: akiingia chumba chochote, kitu cha kwanza alichotafuta ni mahali joto linapopenyea.

Wodi hii ilivuja kila upande. Kioo cha dirisha kilikuwa na ufa, akamwomba mama mkwe auzibe kwa taulo. Kisha akamwomba amsaidie kukisogeza kiti mbali na ukuta.

"Ukuta haumgusi mtoto," alinung'unika mama mkwe huku akisukuma.

"Hauna haja ya kumgusa. Ukikaa mbali na jiko la mkaa, si unasikia joto usoni? Linaruka. Na sisi tunarusha letu hivyo hivyo. Ukuta wa baridi unapokea tu, haurudishi chochote."

"Kama ndugu zako."

"Hapo mimi simo, mama."

Mama mkwe alicheka, kisha akamkumbuka binti yake na kicheko kikamkauka. Binti alikuwa wodi ya pili, hajazinduka tangu apasuliwe usiku. Daktari alisema atapona, na kwamba huenda akafumbua macho mchana.

Baba alikuwa na jambo moja tu kichwani: mkewe akizinduka, amkute mtoto ana joto.

Mtoto wao wa kwanza hakumaliza hata siku. Mama yake alipopata nguvu za kumwulizia, aliletewa mwili kutoka kwenye jokofu la maiti. Alimshika, akapiga ukelele, akakaribia kumwangusha. Kwa miezi mingi baadaye alikuwa akisugua mikono mbele ya jiko, akisema baridi ile imegoma kutoka. Baba, ambaye maisha yake yote ni joto, hakuwa na la kumfanyia. Hilo lilimuumiza kuliko msiba wenyewe. Mkewe alipobeba mimba ya pili, baba alimwahidi kwamba safari hii atampa mtoto wa moto mikononi, na mkewe alipokuwa akisukumwa kuingizwa chumba cha upasuaji alimwahidi tena.

Kadiri muda ulivyokwenda alianza kutetemeka. Pale mtoto alipolala, kifua kilikuwa kinapoa. Joto likiona penye baridi halisubiri kuitwa, na lake lilikuwa likimtoka kwenda kwa mtoto bila kupumzika. Aliomba chupa za maji ya moto, zikafungwa kwa taulo, akazibana kwapani na mgongoni. Akanywa chai ya mama mkwe yote, kikombe juu ya kikombe, ili mwili uwe na cha kutoa. Haja ndogo ilimbana, akaivumilia.

"Nimwone hata uso," alisema mama mkwe.

"Nikifunua, hewa inaingia na kuondoka na joto lote. Subiri mama yake aje."

"Basi nipe mimi nimshike, ukajinyooshe."

"Hapana!"

Mama mkwe alishtuka. Hakuwahi kujibiwa hivyo na mkwe wake.

"Nisamehe, mama," alisema baba. "Mimi ndiye niliyeahidi."

Nesi alipita, akaingiza mkono chini ya blanketi, akagusa shingo ya mtoto.

"Bado ana joto," alisema taratibu. "Ongezeni chupa."

"Mbona humpimi na kipimo?" aliuliza mama mkwe.

"Alipimwa alfajiri, bibi."

"Na maziwa je? Tangu nije sijaona akipewa hata tone."

Nesi alimtazama baba, kisha akatazama saa yake. "Kwa sasa hapewi," alisema, akaenda zake haraka kuliko alivyokuja.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa jengo walipomleta mama juu ya kitanda cha magurudumu, uso umemvimba, sauti imekauka.

"Yuko wapi? Mwanangu yuko wapi?"

Baba aliinuka. Alimvusha mtoto kutoka kifua kimoja hadi kingine kwa mwendo mmoja, akawafunika wote wawili na kuzikunja pembe za blanketi chini yao, kama anavyofunga bomba. Mama aligusisha midomo yake kwenye paji la uso la mtoto.

"Ana joto," alisema. Akacheka, machozi yakamtoka. "Mama, njoo umguse. Wa moto kabisa!"

Mama mkwe alikuja mbio. Nesi aligeukia dirishani.

Baba alimwacha mkewe amshike mtoto, ampapase vidole, atafute pua ile ameitoa kwa nani. Hakumharakisha. Alipomwona anainamisha sikio kusikiliza pumzi, alimshika mkono.

"Alituacha alfajiri, mke wangu," alisema. "Sikutaka umshike akiwa wa baridi."