Pacha Aliyekosa Ziwa

Obdulia Xicay alimpiga mwenyekiti wa soko kwa bata mzinga, tena aliye hai, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani. Bata mzinga hakudhurika. Mwenyekiti, Bwana Eusebio Tuyuc, alivimba jicho.

Kosa lake lilikuwa kusema kwamba maharage ya Obdulia yana vijiwe.

Alasiri ile ile wazee wa soko la San Gaspar walikutana kuamua kama Obdulia anyang'anywe meza yake. Meza hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nzima: yeye, mama yake Petrona, na Rosenda, pacha wake. Na kama kawaida, Rosenda ndiye aliyekwenda kumwombea msamaha.

Mgeni asingeamini kwamba wale wawili walizaliwa siku moja. Obdulia alikuwa pande la mwanamke, mabega mapana kama ya mpasua kuni. Rosenda alimfika kidevuni, na alizungumza kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Tangu wakiwa wadogo kazi yake ilikuwa kupita nyuma ya pacha wake akiomba radhi. Obdulia alimng'ata mwalimu, Rosenda akaomba radhi. Obdulia alitoroka na mpiga marimba aliyekuwa mchumba wa Rosenda, kisha akamrudisha kwao akisema anakoroma. Hapo pia Rosenda alikwenda kuomba radhi kwa mama wa kijana.

Hakumchukia. Nyumbani kila mtu alikijua kisa. Walizaliwa mwaka wa ukame, baba yao akiwa ameshuka pwani kukata miwa na hajaleta hata habari. Mama Petrona alikuwa akishinda na chapati moja ya mahindi na chumvi, na maziwa yake yalitosha mtoto mmoja tu. Muuguzi aliyepita kijijini alimwonya kwamba mtoto anayelala njaa miaka ile ya mwanzo huenda akakua na hasira za karibu, asitulie darasani wala popote. Basi Obdulia alipoanza kurushia watu mawe, hakuna aliyehitaji kuuliza ni pacha yupi aliyekosa ziwa.

Rosenda alikua akijiona kama mwizi. Kila walipokaa kula alimega tamali yake ya unga wa mahindi na kumsogezea mwenzake kipande kikubwa. Mwenzake hakuwahi kukataa.

Yote hayo aliwaeleza wazee kwa sauti yake ya chini. Aliwaomba wamfikirie mtoto mchanga anayelia huku pembeni mwenzake ananyonya. Mzee mmoja alijifuta machozi. Obdulia, aliyekuwa kwenye benchi karibu na dirisha akila karanga, naye alijifuta. Hadithi hii ilimgusa kila alipoisikia.

Hata Bwana Eusebio alilainika. Aliinuka kitini, akaja kusimama kati ya pacha hao wawili, na kwa jicho lake moja zima akamtazama Obdulia kwa huruma. Alisema kumbe ndiyo maana, na kwamba yeye binafsi yuko tayari kusahau. Kisha akamgeukia Rosenda.

"Lakini wewe, dada yangu, mzigo huu utaubeba mpaka lini?"

"Mpaka nife, Bwana Eusebio. Nilinyonya fungu lake. Sasa nitamnyima nini?"

Mama Petrona alikuwa ameketi mlangoni. Hadithi hiyo alikuwa ameisikia tangu mabinti zake wajue kusema, na hakuwahi kuipinga wala kuiongezea neno. Sasa alikohoa.

"Rosenda, mwanangu, inatosha."

"Mama, niache nimalize."

"Umeshamaliza. Aliyekosa ziwa ni wewe."

Wote wakamgeukia. Mama Petrona alijitazama mikono.

"Huyu alikuwa akilia mpaka majirani wanagonga ukuta, basi nikampa yeye. Wewe ulikuwa kimya, unanitazama tu. Nikawa nakunywesha uji mwepesi kwa kijiko, namwomba Mungu usife. Huyu alipoanza kupiga watu, kila mtu akasema ni njaa ya utotoni. Ningewaambiaje kwamba huyu ndiye niliyemshibisha?"

Obdulia aliacha kutafuna.

Rosenda alivua shali yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya wazee. Halafu, kwa heshima na kwa sauti ile ile ya chini, akamwomba Bwana Eusebio asogee kando kidogo, maana alikuwa amemzibia njia ya kumfikia pacha wake.