Kompyuta za Stoo

Kampuni kubwa ya chipu za kompyuta ilimpa Shomvi sharti moja: akiendelea kuuza kompyuta zenye chipu za wapinzani wao, hawatamletea zao tena. Bila zao, duka lake lisingeishi. Jumatatu alihamishia stoo kompyuta zote zenye chipu za wapinzani, akafunga kwa kufuli.

Kesho yake akaja Mwalimu Tausi kununua kompyuta za shule.

"Nataka kama zile ulizotuuzia mwaka juzi," alisema. "Hazipati joto, na bei tunaimudu."

"Zile hazipo tena, Mwalimu." Shomvi alikwepa macho yake. "Kampuni iliyoziunda imefungwa."

Mwalimu alizitazama zile za kampuni kubwa zilizojaa rafuni, akasoma bei zake.

"Basi nipe sita badala ya kumi. Watoto watabanana."

Shomvi alianza kuandika oda.

"Imefungwa kweli?" Mwalimu aliuliza taratibu. "Aliyeianzisha nilimfundisha hesabu mimi mwenyewe. Alihangaika sana yule binti. Ngoja nimpe pole."

Akatoa simu mkobani, akabonyeza namba, akaiweka sikioni. Shomvi alisimama na kalamu mkononi, akiisikia simu ikiita.