Fisi wa Chang'ombe

"Huyo si fisi, huyo ni mbuzi aliyeshiba!" Mzee Albano alitupa fimbo chini. "Gregori, umewahi kumwona fisi wewe?"

Gregori alivua kichwa cha gunia, jasho likimtiririka. "Nimemwona, baba."

"Wapi? Buchani?"

Wenzake waliangua kicheko. Ndani ya ule ua wa makuti walikuwa wanaume watupu. Mzee Albano alikuja Chang'ombe na ngoma yake ya wanyama kutoka Newala, na sheria zake alizibeba zote, hakuangusha hata moja njiani. Mwanamke haingii uani, hagusi vazi, wala hatakiwi kujua nani yumo ndani ya mnyama gani. Mchezaji huvalia mafichoni, na akishavaa hasemi neno. Kwa kweli wanawake walijua vizuri sana, maana magunia yenyewe yalilala uvunguni mwao. Ila walijifanya hawajui, na wanaume wakajifanya wanaamini.

Mwaka huo mambo yalikuwa mazito. Wakubwa wa wilaya walikuwa wanapita kuchagua kikundi cha kucheza sherehe za Uhuru. Vijana wa Mzee Albano walishaanza kunogewa na dansi, na alijua fika kwamba wasipochaguliwa safari hii, ngoma itamfia mikononi. Kila asubuhi aliliombea jambo hilo kabla hajanywa chai.

Simba alikuwapo, Fakihi mwenye kifua chake. Twiga walikuwapo, miguu ya upande mmoja ikienda pamoja kama inavyotakiwa. Aliyemkondesha mzee wa watu ni fisi tu.

"Hodi! Mihogo hii hapa," sauti iliita nje ya ua. Alikuwa Adelina, mke wa Gregori. "Shikamoo, baba. Na huyo fisi wenu vipi leo?"

"Marahaba. Umemwona wapi?"

"Sijamwona, nasikia vishindo tu. Fisi hadundi nyuma, baba. Uzito wake uko mabegani, kiuno anakiburuta. Kwetu Liwale walikuwa wanaingia mpaka zizini, nawajua mie. Tena jike ndiye mwenye mji. Anakula kwanza, dume linasubiri kule."

"Weka mihogo uende zako! Haya ni mambo ya wanaume."

"Haya, baba, mie nimenyamaza." Akaondoka huku anacheka.

Siku ikafika. Wakubwa wakakaa vitini, watu wakajaa. Twiga wakaingia, simba akaingia, fisi hayupo. Mzee Albano alitazama vichaka vya kando ya reli mpaka macho yakamuuma. Mwenyekiti wa wakubwa alianza kuangalia saa.

Ndipo fisi akatoka. Alikuja taratibu, shingo nene, mabega juu, mgongo ukiteremkia nyuma, madoa ya masizi yakimcheza mwilini. Alinusa vumbi. Aliizunguka nyama iliyowekwa katikati ya uwanja kwa mbali, kisha kwa karibu. Fakihi alimngurumia kwa kifua chote. Fisi hakukimbia ng'o! Alicheka kile kicheko chenyewe cha porini, watoto wakajificha nyuma ya mama zao, akamwendea simba moja kwa moja. Fakihi alirudi nyuma, na wallahi haikuwa maigizo.

Watu walilipuka kwa vifijo. Mzee Albano alilia waziwazi, hakuona haya.

"Mmechaguliwa," mwenyekiti alimwambia. "Lakini sikiliza, mzee. Tunamtaka fisi huyuhuyu. Asipokuja yeye, msije."

Mzee Albano alimkumbatia fisi mbele ya watu wote. "Mwanamume ni wewe!" alisema, akamkabidhi paja la mbuzi wa tambiko. Fisi hakujibu neno, kama sheria inavyotaka. Alilibeba paja akarudi vichakani.

Jioni mzee hakuweza kutulia. Alivaa kanzu yake ya Jumapili, akaenda kwa Gregori kumshukuru na kumwomba radhi kwa maneno ya mbuzi aliyeshiba.

Alimkuta amelala mkekani chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana kwa homa.

"Nisamehe, baba," Gregori alisema, machozi yakimlengalenga. "Tangu alfajiri sijaweza hata kusimama. Nimewaangusha. Mmeambiwaje?"

Mzee Albano aliinama kutazama uvunguni mwa kitanda. Hapakuwa na gunia.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Adelina aliingia na sufuria ya supu ya mbuzi, shingo yake bado ina masizi. Alimsalimia mzee kwa heshima zote, akamsogezea kigoda. Kisha akakaa, akajipakulia bakuli la kwanza, akachagua mfupa wenye nyama nyingi.

"Subirini kidogo, baba," alisema, akitafuna. "Nyie wanaume mtakula mkishaniona nimemaliza."