Kodi ya Kuning'inia

Boyet alipanda ngazi na koleo la kukatia waya, akafika katikati, akashuka mbio kama mtu aliyekutana na nyigu.

"Bosi, nguzo inacheza," alisema.

"Unayecheza ni wewe," alifoka Mhandisi Eusebio, mkubwa wa kampuni ya umeme ya mji wa Santa Veronika. "Hebu panda!"

"Apande aone," alisema Perpetua Magsino.

Mama huyo alikuwa amesimama chini ya ngazi tangu asubuhi, mwavuli ameukunja na kuushika kama rungu. Nyaya zilizotakiwa kukatwa zilikuwa zake. Zilipeleka intaneti na televisheni nyumba zote za mtaa wa Kanisani, na alizinunua baada ya kuuza nguruwe wake wote, hata yule dume aliyempenda. Kwa kuwa hakuwa na nguzo, alizitundika kwenye nguzo za umeme na kulipa kodi kila mwezi bila kelele. Kelele zilianza Mhandisi alipopandisha kodi hiyo mara nne kwa siku moja. Perpetua akashtaki kwenye tume ya serikali, na tume ikaahidi kumtuma afisa aje asikilize shauri palepale mtaani. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na Mhandisi alitaka afisa akute nyaya ziko chini.

"Kesi haijasikilizwa, unakataje?" Perpetua aliuliza.

"Nguzo yangu, nakata nikitaka. Wewe ni mpangaji tu, dada. Tena mpangaji asiye hata na chumba. Unaning'inia!"

Watu walicheka. Kinyozi Gorio, ambaye duka lake lilitazamana na nguzo ile, alitoa kichwa dirishani huku mteja wake akisubiri na nusu ya ndevu.

"Mhandisi, leo ni fainali ya mpira wa kikapu! Ukikata, tutakuja kuangalia kwako, na tunakula sana!"

Kabla Mhandisi hajajibu, bajaji ilisimama na Wakili Dalisay Ocampo, afisa wa tume, akateremka akijipepea kwa pepeo la ukindu. Jua lilikuwa kali. Gorio alimtolea kiti cha plastiki, mama muuza ndizi za kukaanga akamletea moja kwenye kijiti, na shauri likaanza.

Mhandisi aliuweka sawa mkanda wake. Alikuwa msemaji, hilo hata maadui zake walikubali.

"Mheshimiwa, itazame nguzo hii. Jua lake, mvua yake. Kimbunga kilipopita mwaka jana, mabati yaliruka, mgomba wa kinyozi ukaenda kuishi kwa jirani, lakini nguzo ilibaki imesimama. Hawa wengine wanakuja kuning'inia tu, kama popo. Mimi nasema hivi: anayening'inia amlipe anayebeba, na bei apange anayebeba. Sina la ziada."

Wakili Dalisay alitafuna ndizi taratibu, akafikiri.

"Hoja nzito," alisema. "Na ndivyo kanuni zetu zinavyosema. Anayebebwa humlipa anayembeba. Hapo sitabadilisha kitu. Mama Perpetua, una la kusema?"

Perpetua aliushika mwavuli kwa mikono miwili. Aliwafikiria wapwa zake wawili waliomsaidia kazi, akamfikiria hata yule nguruwe dume.

"Mheshimiwa, sikatai kulipa. Nakataa kukamuliwa. Baada ya kimbunga, hakuna mtu wa umeme aliyetia mguu mtaa huu. Nyaya zangu zote zililegea. Nilizivuta upya mwenyewe, nikaongeza kamba za chuma huku na huku, nikazikaza mpaka zikalia kama gitaa. Kwa hela yangu! Leo nalipishwa mara nne kama vile nimevunja kitu."

"Nani alikutuma?" Mhandisi alidakia. "Mheshimiwa, huyu hata hajui nguzo ni ya nani. Pale chini pana kibati chenye nembo ya kampuni yetu na mwaka tulioisimika. Kimefunikwa na magugu tu. Boyet! Fyeka hapo, mheshimiwa ajionee mwenyewe, tumalize, twende tukale."

Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, yamesokotana na maua ya kutambaa yaliyoizunguka nguzo kama sketi ya bibi harusi. Boyet alichukua panga. Perpetua aligeuza uso. Hakutaka kuwa anaangalia wakati wa kushindwa.

Panga lililia mara kadhaa, kisha likanyamaza.

"Kibati kipo?" Mhandisi aliuliza.

"Kipo, bosi," Boyet alijibu kwa sauti ndogo. "Kibati kipo."

Gorio alizima mashine yake ya kunyolea. Perpetua aliposikia mashine ikizimwa aligeuka, akaona kibati kweli, na nembo yake, na mwaka wake. Chini ya kibati palikuwa na kipande cha mti kilicholiwa na mchwa hadi kikabaki kama gunzi la hindi. Chini ya gunzi hapakuwa na kitu. Kuku mmoja na vifaranga wake walipita kati ya nguzo na ardhi bila kuinamisha vichwa.

Wakili Dalisay alichuchumaa. Alipitisha pepeo lake chini ya nguzo, kutoka kulia hadi kushoto, kisha akalirudisha. Halikugusa kitu. Akatazama juu kwenye zile kamba za chuma zilizokazwa, akasimama na kujifuta vumbi.

"Mama Perpetua," alisema, "mwenye nguzo akitaka kuning'inia kwenye nyaya zako, huwa unamtoza kiasi gani?"