Maji ya Kwanza

"Chai isiyo na sukari ni maji ya kunawa," Sughra alisema, amesimama katikati ya korido ya ghorofa ya tisa, mkono kiunoni, sauti juu ili hata waliofunga milango wafaidi.

"Basi ingia unawe, Mama Abid," Cherotich alimjibu kutoka mlangoni kwake.

Sughra aliingia. Aliingia kila jioni, ili aukosoe vizuri upuuzi huo akiwa karibu. Cherotich, Mkenya anayehudumia wazee, alikuwa ameacha chai ya maziwa waliyozaliwa nayo wote wawili, akanunua buli la udongo la Kichina lisilotosha kumnywesha njiwa. Vikombe vyake havikuwa na mikono. Sughra alisema kwao Tanga vikombe kama hivyo ni vya kahawa chungu, na kahawa chungu angalau huja na halua pembeni. Mchina kaleta uchungu, halua kaisahau.

Cherotich alitia majani, akamimina maji ya moto, kisha akayamwaga yote kwenye sinia.

"Unamwaga chai, halafu mgeni unampa maji ya kusuuzia?"

"Maji ya kwanza ni ya kuosha majani. Yanatoa vumbi na ule ukali. Chai ni haya ya pili."

"Ya kwanza hayahesabiki?"

"Hayahesabiki."

Sughra aliyatazama maji ya kwenye sinia bila kuyakosoa, jambo ambalo jengo lile la Rexdale, huko ughaibuni, lilikuwa halijawahi kulishuhudia. Kisha akaonja, akakunja uso, akasema hata dawa ya minyoo ina adabu kuliko hiyo. Lakini kikombe alikimaliza, na Cherotich akajipongeza moyoni. Aliamini mtego wake unafanya kazi.

Maana ulikuwa mtego. Abid, mtoto pekee wa Sughra, alitaka kumuoa Yulan, mfamasia wa Kichina mwenye heshima zake. Yulan alikuwa amesilimu kabla hata hajakutana na Abid, kwa hiyo kisingizio cha dini kilikufa mapema. Mara ya kwanza alipoletwa nyumbani, alipika chai ya kwao, akampa Sughra kikombe kwa mikono miwili. Sughra alikitua mezani bila kukigusa kwa mdomo, akauliza sukari iko wapi.

Hakuishia hapo. Ijumaa ile, kwenye kituo cha ibada cha jamii yake kule mtaa wa Bathurst, mbele ya wanawake ambao habari haiwapiti hata ikivaa buibui, alitangaza kwamba msichana asiyejua sukari yeye hatamlisha halua. Na kwao, mama mkwe asipomlisha binti halua kwa mkono wake, hakuna posa.

Huko kwa akina Yulan nako kuna yao. Mama wa kijana akikinywa kikombe cha binti, amempokea. Akikirudisha, amemrudisha. Baba yake Yulan alisema atavumilia kikombe kimoja kingine tu. Hicho nacho kikirudi, bintiye ataolewa kwingine.

Kwa hiyo Cherotich, ambaye hakuombwa na mtu, alijitwika kazi. Sughra angezoeshwa uchungu kidogo kidogo, na Jumamosi angenyweshwa kikombe cha Yulan bila kujua. Wazazi wa binti wangejibanza chumbani pamoja na Abid na kutazama kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Ili Yulan asitambuliwe, Cherotich alimvalisha barakoa, eti ni mwanafunzi mwenzake wa chai, ana mafua. Mpango kama huo hata paka asingedanganyika nao, lakini Cherotich aliuona wa kijasusi.

Jumamosi Sughra alikuja na shali ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, ile anayoitoa kwa harusi tu. Cherotich aliichukulia kuwa ni maringo ya kawaida. Mlangoni, Sughra aliviangalia viatu.

"Miguu yako imeongezeka, mwanangu. Hivi vya kiume?"

"Vya fundi bomba."

"Na hivi vyenye kisigino?"

"Amekuja na mke wake."

"Bomba lako limeharibika sana, pole," Sughra alisema, akaketi.

Yulan alimwaga maji ya kwanza, akatia ya pili, akasubiri, akamimina. Chai ilitoka na rangi ya asali. Aliinama na kukitoa kikombe kwa mikono miwili. Sughra alimpa pole ya mafua.

"Sukari?" akauliza.

"Mama Abid, hapa hakuna sukari."

Sughra alikitazama kikombe kwa muda mrefu, kwa jicho lile lile analowatazamia wauza samaki. Mlango wa chumbani ulilia kidogo. Kisha akakipokea, naye kwa mikono miwili, akanywa, akanywa tena, akakipindua kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki.

Chumbani mtu alishusha pumzi ambayo ilisikika hadi jikoni. Cherotich naye alishusha yake. Alichokuwa anatafuta sasa ni maneno ya kumweleza jirani yake kwamba ameshaozesha.

Alikuwa bado anayatafuta, Sughra alipofungua mkoba na kutoa kipande cha halua kilichofungwa vizuri.

"Vua hiyo barakoa, Yulan mwanangu, halua haipiti kwenye kitambaa," alisema, akamlisha kwa mkono wake, kisha akageukia chumbani. "Na nyinyi wakwe, pamoja na huyo Abid wenu, tokeni humo mje kwangu mle. Maji ya kwanza tumeshayamwaga, na biriani inapoa."