Vocha ya Watu Tisa

Safari ya ndege ya Songea kwenda Mwanza ilipofutwa, mashine ya uwanjani ilimuuliza Edina Komba, mshonaji wa nguo, kama anataka fedha zake au vocha ya safari nyingine. Akachagua vocha, maana thamani yake ilikuwa mara mbili. Sheria aliijua kama kila mtu: wote waliochagua vocha lazima wasafiri pamoja, la sivyo hapandi mtu.

Walikuwa tisa, hawajuani. Wakakutana nyumbani kwa Edina kupanga tarehe. Mzee Haule alikuwa anavuna mahindi na Shangwe alikuwa mjamzito, kwa hiyo wakaahirisha. Mwezi uliofuata wakaahirisha tena, wakala pamoja. Miaka minne ikapita hivyo, wakikutana sasa kila Jumapili. Mtoto wa Shangwe alijifunza kutembea sebuleni kwa Edina, na Edina, mjane asiye na mtoto, akasahau jinsi ya kula peke yake Jumapili. Dada yake wa Mwanza alichoka kumsubiri, akaja mwenyewe kwa basi.

Jumapili iliyopita Haule aliuliza kwa mazoea, "Tarehe kumi na mbili, nani ana udhuru?"

Wakatazamana.

"Jamani, wote tuna nafasi!" Shangwe akacheka. "Tunaondoka!"

Wakapiga makofi. Edina naye alipiga, kisha akashtukia anasema, "Mnisamehe. Siku hiyo nina gauni la bibi harusi."

Hakuwa na gauni lolote. Alipokwenda jikoni, Haule alimfuata.

"Asante, dada," akanong'ona. "Mimi nilikuwa natafuta uongo, sikuupata."